Afande Mstaafu Anajibu: Nililazwa seli kwa sheria iliyofutwa

SWALI: Afande, salamu. Mimi ni mwanabodaboda wa Voi. Niliandika Facebook kwamba mkubwa mmoja wa wadi yetu amekula pesa za kisima. Ijumaa saa kumi jioni nikachukuliwa stejini. Kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, wakaandika "matumizi mabaya ya kifaa cha mawasiliano, kifungu cha 29". Nikalala seli hadi Jumatatu. Wakili akacheka, eti kifungu hicho kilishafutwa. Mimi nikisema sikujua sheria, naambiwa huo si utetezi. Na polisi je?

JIBU: Pole, kijana wangu. Wakili hakukudanganya. Kifungu hicho cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kilibatilishwa na Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Aprili 2016, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno: mtu angejuaje lipi ni kosa?

Nimekaa kaunta ya kituo miaka 26. Hukumu ikitoka Nairobi, nani atailetea kaunta? Kilichopo ni faili ya hati za mashtaka za kale. Yetu ilikuwa na jalada la kijani lenye alama za vikombe vya chai. Konstebo mgeni hunakili humo, akabadilisha jina na tarehe. Nami nilinakili hivyo siku moja, hakimu akanikaripia mbele ya watu, nikatamani ardhi inimeze.

Simdai konstebo akariri sheria zote. Mawakili wenyewe hufungua vitabu. Lakini kile kifungu kimoja anachomkamatia mtu akijue: bado kipo? Adhabu yake ni ipi? Hili la pili lingekuokoa. Kifungu cha 29 kilipokuwa hai kilibeba faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Ibara ya 49 ya Katiba inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo kifungo chake hakipiti miezi sita.

Na kwa nini Ijumaa saa kumi? Ibara hiyohiyo inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila zikiishia siku ambayo korti haiketi, basi hadi siku ya korti inayofuata. Sheria hiyo afande wako aliijua vizuri, hakukosea hata nukta.

Peleka malalamishi IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Ila kwanza rudi kituoni uchukue namba ya OB, uende na mtu mzima wa kwenu.