Rafiki uliyempata masomoni nje, usimwache apotee

Habari zenu wadau. Meseji za wiki hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti tofauti, kwamba ule urafiki wa nje, wa chuo, wa hosteli, unaubebaje ukisharudi nyumbani na maisha yakakubana. Hii ishu iko moyoni kwangu kabisa maana mimi mwenyewe watu wangu wa karibu sana niliwapata China nikisoma, kwa iyo nimechagua chache nizijibu, majina nimeyaacha.

*Dada habari, nilisoma Hangzhou. Tulikuwa na grupu letu la WeChat (ile WhatsApp ya Wachina) la ghorofa nzima, Watanzania, Wazambia, Wapakistani, Wathailandi, hadi Mmongolia mmoja. Sasa hivi grupu limekufa, ni salamu za mwaka mpya tu. Nitoke au nibaki? (Mdau, Mbeya)*

Baki, ila usilitegemee. Grupu la watu wengi vile kila mtu anasubiri mwenzake aongee. Na ukikumbuka vizuri kilichowaunganisha pale ghorofani halikuwa grupu, lilikuwa lile jiko la mwisho wa korido, mtu anakaanga pilipili mpaka korido nzima inakohoa, wewe unasonga ugali wa ule unga wa njano wa supamaketi ambao haushikani vizuri, Mpakistani anakuja kuomba sufuria na wewe unamwomba vitunguu, halafu inafika likizo ya mwaka mpya wa Kichina wenyeji wote wameenda kwao, kantini zimefungwa, mliobaki mnachanga mnapika pamoja. Yaani mlikuwa mnaombana vitu kila siku. Ukirudi nyumbani kuombana kunaisha, inabaki "mambo" na "poa", na urafiki unakaukia hapo.

Kwa iyo chagua wawili watatu ambao roho yako inawakumbuka kweli, mtafute kila mmoja peke yake, na umwombe kitu. Namaanisha kitu cha ukweli, akuulizie bei ya mashine unayotaka kuagiza, akupitie barua yako ya kuomba kazi, akuelekeze ile biriani yake inavyopikwa. Mtu akiombwa anajua bado ana nafasi kwako, na yeye keshokutwa hataona aibu kukuomba.

Halafu kitu cha muhimu, akaunti yako ya WeChat ibadilishie namba, weka laini ya Tanzania kabla ile ya China haijafa kabisa. Wengi wanasahau, simu inakuja kuharibika, unataka kuingia upya msimbo unaenda kwenye namba ambayo sio yako tena, na marafiki wote umewapoteza kwa mpigo. WhatsApp kule imefungwa mpaka mtu awe na VPN, ile programu ya kuzunguka vizuizi vya mtandao, kwa iyo yule aliyebaki China usimlazimishe ahame, mfuate alipo.

*Dadangu, mimi nilisomea Pune, India. Rumeti wangu alikuwa Msudani wa Khartoum, msichana wa roho safi sana. Tangu vita vianze namwandikia, mara nyingine tiki inabaki moja wiki nzima, akijibu ni "alhamdulillah" basi. Naogopa namsumbua. Ninyamaze? (Msomaji, Mombasa)*

Usinyamaze mamangu, tafadhali. Hii ndo meseji iliyonikalia kichwani wiki nzima.

Vita vile vilianza tarehe 15 Aprili 2023, vikaanzia humo humo Khartoum, na mamilioni ya watu wamehama makwao. Mwanzoni mwa 2024 mtandao ulikatika karibu nchi nzima, sehemu nyingi ilikuwa ni wiki kwa wiki, watu wakawa wanaenda kulipia muda wa intaneti ya setelaiti ili tu wamwambie mtu wapo hai. Kwa iyo tiki moja usiisome kama amekuchoka. Na hilo "alhamdulillah" moja inawezekana ndo nguvu yote aliyokuwa nayo siku hiyo na amekupa wewe.

Ila angalia unavyoandika. Ukimuuliza kila siku "uko salama? nini kimetokea?" unampa kazi ya kusimulia upya mambo ambayo hataki hata kuyawaza. Andika maandishi mafupi, usimtumie video, bando na chaji kwake ni mali. Mwambie habari za kawaida, mvua imenyesha, mama anamsalimia, leo umepita mahali ukasikia harufu ya chai ya tangawizi ukakumbuka ile ya kibandani nje ya geti la chuo mliyokuwa mnakunywa kwenye vile vigilasi vidogo. Kama mlikuwa mnafuturu pamoja mle chumbani mwambie bado unaikumbuka karkade yake, ile juisi nyekundu ya rosela, mwambie akipata nafasi akufundishe maana ulikuwa unashindwa kuipika. Na malizia kwa kumwambia asijibu kama hana nguvu. Mtu aliyepoteza nyumba anahitaji mahali pamoja ambapo bado ni yule yule rumeti wako, sio mkimbizi wa kuonewa huruma.

Na kuna kitu wewe unaweza kumsaidia ambacho ndugu zake wengi hawawezi. Waliokimbia wengi wametoka bila karatasi, vyeti vimebaki nyumbani au vimeungua. Wewe unakijua kile chuo, unajua ofisi ya mitihani ilipo na inavyosumbua, una marafiki waliobaki Pune. Muulize taratibu kama ana nakala za digrii na matokeo, kama hana mwambie mshirikiane kufuatilia, yeye aandike kibali chake, wewe na wenzako muhangaike na foleni na ada. Bila cheti kuanza maisha upya nchi nyingine ni kugumu sana.

Mwisho muulize yuko wapi hasa. Wasudani wengi wamevukia Misri, Chad, Sudan Kusini, na wengine wako Uganda. Akikwambia yuko Kampala, dadangu, hapo si mbali, panda basi uende.

*Mimi niko Ujerumani mwaka wa pili, master's. Marafiki zangu wote ni Watanzania na Wakenya, Wajerumani nimeshindwa, mtu mnacheka nae darasani mkitoka nje hakujui. Nifanyeje? (Mdau, Leipzig)*

Kwanza hao Watanzania na Wakenya usiwaone marafiki wa daraja la pili, siku ukiumwa wao ndo watakuja na uji. Pili, Wajerumani wengi urafiki wao unachelewa kuwaka na hauwaki kwa stori za darasani. Kuna mtafiti wa Marekani, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, utafiti wake ulitoka 2018, aliona inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mtu atoke kufahamiana tu na kuwa rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ndo awe rafiki wa karibu. Sasa wewe saa 200 na mtu wa darasani utazipatia wapi mkikutana mara mbili kwa wiki, tena mnamsikiliza mwalimu?

Tafuta sehemu zinazorudia. Kule kila mtaa una chama chake, cha mpira, kwaya, kupanda milima, bustani, wanaita Verein, ada yake mara nyingi ni ndogo, jiunge na kimoja uende kila wiki hata siku huna mudi. Au ukae nyumba ya kushea na wenyeji, mle kuna zamu za usafi na mafriji ya kugombania, saa zinajaa zenyewe. Kijerumani usikiache kwa sababu masomo yako ni kwa Kiingereza, watu wengi wanajichuja hapo hapo. Na mtu akikwambia tuonane wiki tatu zijazo Jumamosi saa tisa usione anakukwepa, ameshakuandika kwenye kalenda, nenda.

*Nilisoma Uturuki, nina rafiki wa kike wa kule, hakujawahi kuwa na kitu chochote kati yetu. Nimeoa juzi, mke wangu hafurahii tukichati. Nimuache rafiki? (Msomaji, Dodoma)*

Usimuache, mtoe gizani. Mke wako hamjui huyo mtu, anachokiona ni simu inawaka usiku na mume anacheka peke yake kwa lugha asiyoielewa, hata mimi ningeuliza. Uturuki na Tanzania saa zetu ni zile zile, kwa iyo hakuna sababu ya kuchati usiku wa manane, piga simu ya video jioni mkeo akiwa pembeni, watambulishe, waachie waongee mambo yao hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Sikukuu zikifika salamu ziende kwa jina lenu wote wawili. Rafiki wa kweli atafurahi kupata shemeji. Na kama huyo rafiki hataki kabisa kuongea na mkeo, hapo mkeo amekuwahi kuona kitu.

*Kaka yangu mkubwa ananiambia marafiki wa nje ni wa msimu, ukipanda ndege umeisha. Ni kweli? (Msomaji, Kisumu)*

Mwambie kaka, kwa heshima zote, habari ya washairi wawili, Léopold Senghor na Aimé Césaire. Mmoja Msenegali, mwenzake katoka kisiwa cha Martinique huko Karibiani, walikutana Paris mwaka 1931 wakiwa wanafunzi wa shule ya Lycée Louis-le-Grand, weusi wawili kwenye jiji la baridi. 1935 walikuwa pamoja kwenye gazeti la wanafunzi weusi, L'Étudiant noir. Baadaye kila mtu akarudi kwao, huyu akawa rais wa kwanza wa Senegal, yule akawa meya wa Fort-de-France, mji mkuu wa Martinique, kwa zaidi ya miaka 50, bahari nzima ya Atlantiki katikati, hakuna simu za bure wala nini. 1966 Senghor alipofanya lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi Dakar, Césaire alikuwepo. Urafiki ule ulifika mpaka Senghor alipofariki Desemba 2001, hiyo ni miaka 70. Kilichowashika ni kwamba kila mmoja alikuwa na kazi na mwenzake, walisomana, walibishana. Kaka yako yuko sahihi kwa urafiki wa kupiga picha tu, huo kweli unaishia airport.

*Rafiki yangu wa chuo anaolewa Indonesia mwezi wa nane, amenialika kwa upendo kabisa, nauli sina. Naona aibu kumwambia, nimenyamaza wiki ya pili sasa. (Mdau, Morogoro)*

Mwambie leo. Huko kunyamaza ndo kunamuumiza, hela ataelewa, yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi na wewe anajua mlivyokuwa mnakula noodles mwisho wa mwezi. Mpe sababu ya ukweli bila kuzunguka. Halafu uwe na kazi kwenye harusi hiyo, mwombe akupe mojawapo, labda urekodi salamu zichezwe ukumbini, au uwatafute wale wengine wa hosteli kila mmoja arekodi yake wewe uziunganishe. Zawadi mtumie doti ya kanga, ichague mwenyewe, jina lake ulisome vizuri kabla hujalipa maana ataining'iniza ukutani na wageni watauliza limeandikwa nini, na uitume posta mapema, mwezi wa sita usikupite ikiwa bado iko kabatini.