Maswali Yenu: Nafika na Upanga Nakuta Majivu

Barua za safari hii karibu zote ni za Dungeons & Dragons toleo la 5, gemu la kusimulia hadithi mezani kwa dadu ambapo kila mchezaji ana mhusika wa klasi (aina) fulani na DM ndiye mwendesha hadithi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: klasi gani kali, klasi gani imeonewa. Nimechukua nne.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nacheza mpiganaji, levo 5, upanga wa mikono miwili. Kwenye kundi letu kuna mchawi, pambano likianza tu anarusha faiaboli (mpira wa moto) goblini (vijitu adui) wote wanaungua, mimi nafika na upanga nakuta majivu. Nimeanza kukata tamaa, nibadilishe klasi au gemu lenyewe halijakaa sawa? *Mpiganaji, Tabata*

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na usibadilishe kwanza. Nikuulize, siku moja ndani ya hadithi yenu mnapigana mara ngapi kabla ya kwenda kulala? Nadhani ni mara moja, zikizidi sana mbili, halafu mnakunja kambi mnalala masaa 8 mchawi anaamka na kila kitu kimerudi. Kama ndivyo basi shida yako ni usingizi wa kundi lenu, klasi yako haina kosa.

Tupige hesabu. Una nguvu +4 inayoongezwa kwenye kila pigo, upanga wako unatupa dadu 2 za pande 6, kwa hiyo pigo moja wastani wake ni 11 na levo 5 unapiga mara mbili kila raundi. Faiaboli ni dadu 8 za pande 6, wastani 28, na inamla kila aliyepo ndani ya futi 20 kutoka pale ilipopasukia. Goblini ana uhai 7 tu, hata akifaulu kujiokoa (dadu ya kukwepa) anakula nusu, 14, keshakwenda. Wakiwa sita wamesimama pamoja huwezi kushindana na hiyo na wala hukutakiwa kushindana nayo.

Lakini mchawi wa levo 5 ana sloti (nafasi za kurusha uchawi) 2 tu za ngazi ya 3, zile za faiaboli, akipumzika saa moja anaweza kurudisha nyingine 1, yaani faiaboli 3 kwa siku nzima basi. Sloti ndogo ndogo anazo sawa, ila zikiisha anabaki na kale kamshale ka moto, dadu 2 za pande 10, pigo moja kwa raundi. Wewe huishiwi. Kitabu cha DM cha 2014 kinasema kundi la kawaida linaweza kubeba mapambano 6 mpaka 8 ya kati au magumu kwa siku, na mapumziko mafupi kama mawili katikati, na klasi zote zimepimwa kwa kipimo hicho. Chukua mapambano 6 ya raundi tatu tatu, hapo una mapigo 36. Ongeza akshen saji, ule uwezo wa kupiga mara mbili zaidi, ambao unarudi kila pumziko fupi kwa hiyo unaupata mara 3, jumla mapigo 42. Tuseme 27 yamefika, hiyo ni 297 na hujatumia sloti hata moja, na muda wote huo una dirii nzito na uhai kama 44 wakati mchawi ana kama 32 na joho.

Kwa hiyo ongea na DM wako, tena ongea naye pembeni kwa upole maana wengi hawajui kama wanaua nusu ya klasi kwa kuruhusu watu walale wanavyotaka (waloki na mtawa, klasi nyingine mbili, wanaumia hivyohivyo, nguvu zao zinarudi kwa pumziko fupi, na meza nyingi hata hazipumziki fupi, zinaruka moja kwa moja kwenye kulala). Aweke sababu ya kuwahi: mateka atauawa alfajiri, mto unajaa, adui anakimbia na sanduku. Kama hadithi yenu ni ya safari ndefu na mapambano ni machache, kitabu hichohicho kina kanuni ya hiari ambapo pumziko fupi ni masaa 8 na refu ni siku 7, mimi naipenda sana hiyo. Halafu goblini wasisimame kama wako foleni ya daladala. Wakitawanyika, wakakuvamia wewe mwilini, faiaboli haichagui, labda mchawi wenu awe wa shule ya evokesheni ambao wanajua kuwakwepesha wenzao moto.

SWALI: Mimi niko levo 13, babariani (mpiganaji wa hasira), na hayo mambo ya kulala sisi tumeshayarekebisha, tunapigana kweli kweli. Shida yangu ni nje ya vita. Mlima mrefu, mchawi anaturusha. Mji uko mbali, mchawi anatuhamisha kwa sekunde. Mimi nakaa nasubiri kuambiwa tumefika. *Dada wa babariani, Mombasa*

JIBU: Dada yangu, hapa sikubishii, uko sahihi na inauma. Kwenye kupiga unamudu vizuri, ila kuanzia hizo levo mchawi anaacha kupigana na matatizo na anaanza kuyafuta, ana uchawi wa kuruka tangu levo 5, levo 13 ndio anapata sloti ya ngazi ya 7 na kule kuhama mara moja, levo 17 anaomba chochote anachotaka kwa tamko moja. Wewe umeongezewa hasira ya 5 kwa siku na shoka linalouma zaidi. Hakuna hesabu ya dameji (madhara ya mapigo) itakayoziba hilo pengo.

Na inaniuma zaidi kwa sababu zamani lilizibwa. Gemu lilipotoka 1974 chini ya Gary Gygax na Dave Arneson kulikuwa na klasi tatu tu, mpiganaji, mchawi na kasisi, mwizi alikuja mwaka uliofuata. Baadaye kwenye Advanced D&D kila klasi ilikuwa na bei yake ya kupanda: mwizi alifika levo 2 kwa pointi za uzoefu 1,250, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500, na huyo mchawi alianza na uchawi mmoja kwa siku na dadu ya uhai ya pande 4, paka tu angeweza kumtoa roho. Halafu mpiganaji akifika levo 9 alikuwa anajenga ngome, askari wanakuja wenyewe kumtumikia, anatoza kodi eneo lake. Mchawi alikuwa na uchawi, mpiganaji alikuwa na nchi! Toleo la 3 la mwaka 2000 likaweka bei moja ya kupanda kwa wote, ngome nayo ikabaki kitu cha pembeni, uchawi wenyewe ukabaki vilevile. Toleo la 4, 2008, lilijaribu kuwapa wote mfumo mmoja wa uwezo, kuna wa kila raundi, wa kila pambano, wa kila siku, ulinganifu ulikuja kweli ila watu wengi wakalalamika klasi zinafanana ladha, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ushauri wangu ni muombe DM akurudishie nchi. Sio upanga wa +3, hiyo ni dameji tena. Akupe ukoo unaokusikiliza, mashujaa 40 wanaokuja ukipiga baragumu, jina ambalo mfalme akilisikia anafungua mlango wenyewe bila uchawi. Babariani wa levo 13 ameshaua vitu ambavyo vijiji vinavitungia nyimbo, haiwezekani afike mjini ajulikane kama yule anayetembea na mchawi. Jaribuni vikao vitatu mtaniambia.

SWALI: Kila mtu ananiambia renja (mwindaji wa porini) ni klasi ya kutupa. Mimi naipenda. Nimekosea? *Mwindaji, Arusha*

JIBU: Hujakosea mkuu, umechelewa tu kupata habari. Renja wa kitabu cha 2014 alisemwa kwa haki, uwezo wake wa adui maalum ulimsaidia kufuata nyayo na kukumbuka mambo, kwenye pigo hauongezi hata 1, ujuzi wa mazingira ulifanya kazi pale tu DM akikupeleka kwenye msitu uliouchagua, na yule renja mwenye mnyama wa kupigana naye alikuwa anatoa zamu yake mwenyewe ili mnyama ang'ate. Yaani unalipa wewe, anakula mbwa mwitu. Mwaka 2020 kitabu cha nyongeza cha Tasha kikaleta mbadala, mnyama anaamrishwa kwa tendo la ziada tu, wewe unabaki na zamu yako nzima ya upinde. Na Gloom Stalker, renja wa gizani, alikuwepo tangu 2017 kwenye kitabu cha Xanathar, huyo raundi ya kwanza anapiga pigo la ziada, na gizani hata mwenye macho ya kuona gizani hamwoni. Wanaosema klasi ni ya kutupa wengi wao walisoma kitabu kimoja wakafunga. Muulize DM kama anakubali hivyo vitabu, ukipata ndio chukua staili ya upinde inayokuongezea +2 kwenye kulenga uendelee kupenda unachopenda.

SWALI: Paladini (shujaa mtakatifu) wetu anaua bosi kwa raundi mbili kwa smaiti, yaani pigo linaloongezwa nguvu kwa sloti. DM anataka kuipunguza nguvu, ni haki? *Kundi la Ijumaa, Kisumu*

JIBU: Kabla ya kukata chochote rudini kwenye jibu la mpiganaji wa Tabata, maana nahisi na nyie bosi ndiye pambano lenu la pekee kwa siku. Smaiti ya kwanza ni dadu 2 za pande 8, na anaamua kuitumia akishajua pigo limefika, ndio maana akipata 20 halisi kwenye dadu ya kulenga anaimwaga yote na dadu zinakuwa mara mbili. Ila paladini wa levo 5 ana sloti 6 tu, hata pumziko fupi halimrudishii, afikishwe kwa bosi akiwa amebaki na 2 mtaona raundi zinaongezeka. Bado inawakera? Chukueni kanuni ya kitabu cha 2024, smaiti imekuwa uchawi unaokula tendo la ziada kwa hiyo ni moja tu kwa zamu.

Mimi kinachonitisha kwa paladini ni ile aura ya levo 6, kila aliye ndani ya futi 10 zake anaongezewa karisma (mvuto) ya huyo paladini kwenye dadu zote za kujiokoa, muda wote, bila sloti. DM akiigusa hiyo ndio mgombane naye, na hadi hapo acheni kutawanyika, kaeni karibu na huyo paladini.