Kabla hujaacha kazi ya gemu, fika mwaloni

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na kuua zaidi ya watu 220, mimi nilikuwa Dar es Salaam nahangaika na mlio wa sarafu kwenye gemu ya bodaboda. Siku tatu, mlio tu. Nikaona aibu, nikaacha kazi, nikarudi kwetu Mwanza kuwaokoa watu wa ziwa.

Vijana wa kompyuta mnaniuliza kama nanyi mwache. Mwache, ila sikieni kwanza nilivyoboronga.

Nilitengeneza programu ya kuwatahadharisha wavuvi kuhusu dhoruba. Miezi minane! Kumbe MV Nyerere hakikuzamishwa na dhoruba: kilikuwa kivuko cha watu 101, kikajazwa kupita kiasi. Nilikuwa nimelisoma hilo gazetini kabisa. Na wavuvi niliowakuta Kirumba, mwalo wa Mwanza mitumbwi inapotia nanga, walikuwa na simu za kitochi, tena wanaziacha nchi kavu zisilowe.

Mama mmoja muanika dagaa nilimwamkia, nikamwonyesha kazi yangu. Akaitazama, akauliza, "Mwanangu, mvua ikija, hiyo simu itanifunikia dagaa?" Dagaa wakinyeshewa mchangani huharibika, wakaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Alichotaka ni chanja ya wavu na turubai juu yake. Kazi ya seremala. Tuliimaliza kwa siku nne, mimi nikishika misumari.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye gemu nisingekosea hivyo. Kule tulikuwa tunampa mtoto simu, tunakaa pembeni kimya, tunatazama anapokwama. Nilipofika kwa wenye shida nikajiona mkombozi, nikaacha kutazama. Kwa hiyo anayewacheka watu wa burudani simwelewi. Ufundi wa kumheshimu mtumiaji nimeupata kwao.

Nenda mwaloni wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi imepumzika na watu wana nafasi ya maongezi. Kompyuta iache nyumbani. Na mshahara usiuache mpaka umeenda hivyo mara kadhaa, maana njaa nayo hukufanya uone tatizo lisilokuwepo.

Mimi usiku bado natengeneza gemu, ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Mama yule sasa anataka mizani, amechoshwa na wanunuzi wa lumbesa, yaani wa kujaza kupita kipimo, wanaokuja na ndoo zao zilizotunishwa. Mizani ya kidijitali ina saketi ndani, hapo walau nina la kufanya zaidi ya kushika misumari.