Hivyo vichaka viwili: cha kwanza lantana, cha pili usikishike kwanza

Mkuu, umeuliza hivyo vichaka viwili ulivyovieleza ni mimea gani. Hicho cha kwanza chenye majani yanayokwaruza na vimaua vya njano na pinki kwenye kishada kimoja, mi naona ni lantana. Hakikisha hivi, angalia kama majani yametoka mawili mawili yakitazamana, papasa kijiti kichanga utasikia kina pembe nne, afu ponda jani unuse, ile harufu kali huwezi kuikosea. Hizo rangi mbili ni maua kuzeeka tu, yanafunguka njano afu yanageuka.

Cha pili sasa ndo cha kuwa nacho makini. Majani membamba, magumu, yametoka matatu matatu sehemu moja, na maua ya pinki yenye petali tano? Hapo mi nasema oleanda, na oleanda ni sumu mti mzima, kwa hiyo usiponde wala kuonja, ukikata vaa glavu na matawi usichome maana hata moshi wake una madhara. Gome achana nalo, kwenye kichaka kichanga halikuambii kitu. Tuma picha ya karibu pale jani linaposhikana na kijiti, na upande wa chini wa jani pia, maua peke yake yanadanganya.