Kwa nini mtoto anabaki na 620 = 620

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa gredi ya 8 akifanya milinganyo miwili herufi zote hupotea, anabaki na namba ileile pande zote mbili. Nafundisha hisabati hapa Kisumu na hilo naliona sana. Anaingiza herufi kwenye mlinganyo uleule alioitolea.

Mimi hutumia bei za soko la Kibuye. Mama mmoja kanunua gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) 3 za mahindi na 1 ya maharagwe, kalipa shilingi 620. Mwingine kachukua 2 za mahindi na 5 za maharagwe, kalipa 1,540. Acha m iwe bei ya gorogoro moja ya mahindi, h ya maharagwe. Bei, si mahindi yenyewe, hapo usimlegezee.

3m + h = 620
2m + 5h = 1,540

Aanze na herufi isiyo na namba mbele yake, ile h ya juu: h = 620 − 3m. Sasa, mama wa kwanza ameshasema yote aliyo nayo. Ukimrudishia h yake, unapata 3m + 620 − 3m = 620. Ni kweli, lakini bei hujaijua. Habari mpya anayo mama wa pili, na h iingie kwake, ndani ya mabano:

2m + 5(620 − 3m) = 1,540

Simama naye kwenye mabano hayo. Hiyo 5 inazidisha 620 na inazidisha 3m pia. Wengi huandika 3,100 − 3m, na mahindi yanatoka shilingi 1,560 kwa gorogoro! Muulize kama amewahi kuona bei hiyo sokoni. Sahihi ni:

2m + 3,100 − 15m = 1,540
13m = 1,560
m = 120

Basi h = 620 − 360 = 260. Ahakiki kwa mama wa pili: 240 + 1,300 = 1,540. Kwa wa kwanza lazima ikubali tu, kwa sababu h imetoka huko.

Herufi zote zikiwa na namba mbele yake, kama 3x + 4y na 5x + 7y, njia hii huleta sehemu nyingi, namba kama 4/3. Hapo ni afadhali azidishe kwanza milinganyo hadi herufi moja iwe na namba ileile kwenye yote miwili, kisha aiondoe kwa kutoa mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine.

Mpe hii: x + 2y = 16 na 3x − y = 13. Weka hapa mistari yake yote, si jibu peke yake, tuone anapokwama.