Ozoni inayobebwa na upepo hupimwaje?

Ndugu, umeuliza kwa nini setilaiti peke yake isitoshe kujua ozoni chafu inatokea upande gani. Tatizo ni kwamba karibu 90% ya ozoni iko juu sana, kwenye stratosfia, hivyo setilaiti hupata taabu kuitenga na hii tunayoivuta puani.

Wapimaji hutumia laida mbili zilizo ardhini, yaani vifaa vinavyorusha mwanga wa leza angani na kupima unaorudi. Ya kwanza hurusha leza ya urujuanimno yenye mawimbi ya urefu wa aina mbili. Moja humezwa zaidi na ozoni, na tofauti ya mwanga unaorudi huonyesha kiasi chake katika kila kimo. Ya pili husoma upepo kupitia mwanga uliogonga vumbi linalopeperushwa. Zidisha: mikrogramu 140 za ozoni kwa mita ya ujazo, upepo wa mita 5 kwa sekunde, basi mikrogramu 700 hupita katika kila mita ya mraba kwa sekunde.

Usiku ndipo penye utamu, kwa maoni yangu. Ozoni ya mchana hubaki mita mia kadhaa juu, husafirishwa mbali, kisha jua la asubuhi likipasha ardhi, hewa huchanganyika na kuwashushia ozoni hiyo watu wasiohusika. Kipimo kinachopima hewa ya karibu na ardhi tu hakiioni usiku kucha.