Ukiinuka kwa Kushika Mikono ya Kiti

Nina miaka 67. Mwaka juzi homa ya mapafu ilinilaza siku kumi na mbili. Homa ilipokwisha nilijua nimepona, mpaka nilipotaka kuinuka kitini nikafungue mlango. Mapaja yakatetemeka, nikarudi chini kwa kishindo. Ilibidi nishike mikono ya kiti na kujisukuma, mgeni akingoja nje.

Tangu nilipotimiza miaka 40, kila kilo iliyoongezeka nilisingizia mwili kupunguza kasi ya kuchoma chakula. Kumbe sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu zaidi ya 6,400, ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, kasi ya kuchoma nishati haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Baada ya hapo hushuka polepole, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. La kuhofia zaidi ni misuli kuyeyuka. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na mzee akilazwa huipoteza upesi.

Mtaalamu wa viungo alinianzishia kwenye kiti kilekile. Mikono kifuani, nyayo sakafuni, inuka. Kisha keti taratibu ukihesabu hadi tatu. Kazi yenyewe iko kwenye kule kushuka. Wiki ya kwanza nilimudu mara tatu tu, tena kiti kikiwa kimewekewa mto. Baada ya miezi mitatu nikafika kumi na mbili bila mto. Kutembea natembea pia, ila wenzangu nawaambia wazi: kutembea peke yake hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na ya mchanganyiko yanayojenga nguvu na uwezo wa kusimama bila kuyumba angalau siku 3.

Kosa langu jingine lilikuwa kula kidogo mno. Wataalamu wengi wa lishe hutaja gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo zangu 60, ni gramu 60 hadi 72. Naigawa katika milo yote mitatu. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza. Maji nayo nakunywa bila kusubiri kiu, maana uzeeni kiu huchelewa.

Kama una mzazi anayejisukuma kuinuka, tafadhali usimvute mkono kila mara. Simama karibu naye, mwache ajaribu. Akiwa na kizunguzungu, maumivu ya kifua, au alianguka karibuni, mpeleke kwa daktari kabla hajaanza.